Pete ya Nyatiti

Kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo, halikuvunjwa. Ndani ya stoo ya ukumbi wa jamii, Nakuru, magitaa matatu na spika za bei ghali vilikuwa vimetulia mahali pake. Nyatiti tu, ala ya Kiluo ya nyuzi nane, ndiyo iliyotoweka.

Inspekta Linah Chepkemboi alivaa glavu, akaukagua mkoba ambao mpigaji wake, Eucabeth, alikuwa ameuacha humo.

"Nini kingine kimeenda?"

"Pete ya chuma, Afande. Ile navaa kidole gumba cha mguu, nagonga nayo mbao nikipiga."

"Na simu?"

"Iko tu hapo." Machozi yalimlenga. "Saa tisa napanda steji. Mwalimu wangu, kabla afe, aliniachia hiyo nyatiti mbele ya watu. Wazee wamekuja kuona kama mwanamke anaweza. Nisipopanda, watasema mila imenikataa."

Ilikuwa saa saba. Chepkemboi aliwaza. Mwizi gani wa mjini anaacha simu, anabeba kipande cha chuma ambacho hata muuza vyuma chakavu angekicheka? Ni yule anayejua kwamba nyatiti bila pete haijakamilika. Huyu alikuwa mpigaji.

Funguo zilikuwa mbili tu. Mmoja alikuwa nao Makhanu, mlinzi. Wa pili Ooko, fundi wa mitambo ya sauti.

"Mzee Makhanu, unapiga nyatiti?"

"Mimi ni mtu wa ngoma za isukuti, madam. Hiyo hata kushika sijui."

"Na wewe Ooko?"

"Mimi ni wa waya na spika. Nyatiti sijawahi gusa."

"Vueni viatu. Nyote wawili."

Makhanu alivua huku akicheka. Ooko alifungua kamba polepole mno. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilizungukwa na sugu ngumu, ya miaka mingi.

"Hii ni ya nini?"

"Kiatu kinanibana, Afande."

"Kidole kimoja tu?"

Ooko aliinamisha kichwa.

"Marehemu mwalimu wake alinifunza mimi miaka tisa," akasema. "Tisa! Halafu akampa msichana. Mila yetu haikubali. Nilitaka tu asipande."

"Iko wapi?"

"Ndani ya spika kubwa. Nilitoa vifaa vya ndani nikaificha humo pamoja na pete."

Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu hata jua halikumchwea. Chepkemboi alijipongeza kimoyomoyo, wala hakuona haya.

Saa tisa kamili Eucabeth alipanda. Pete ilipogonga mbao, kina mama walipiga vigelegele, na wazee waliokuwa wameshika tama wakasimama mmoja mmoja. Chepkemboi alisisimka mwili mzima kwa furaha.

"Afande," Ooko alisihi, pingu mikononi, "wacha wimbo uishe."

Chepkemboi akakubali. Ooko alisikiliza hadi mwisho, machozi yakimtiririka.

"Hapo katikati," akasema, "pamenishinda miaka yote tisa. Yeye amepita tu."