Mstari Alioruka Redio

Asubuhi nyumbani kwa kina Redio ilianza na mlio wa cherehani. Mama yake alikuwa fundi nguo, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, katikati ya vipande vya vitambaa na sare zilizosubiri wenyewe. Kabla ya kwenda shule, Redio alikuwa na kazi moja ya lazima: kumtungia mama uzi kwenye sindano.

“Redio! Njoo mwanangu, mimi macho yameshazeeka.”

Zamani alikuwa akiupitisha uzi huku anaimba. Siku hizi, kila alipolitazama tundu la sindano, halikuwepo. Doa la ukungu lilikuwa limekaa katikati ya kila kitu alichokitazama. Pembeni aliona; katikati palikuwa na ukungu tu.

“Mama, nachelewa! Leo zamu yetu ya kufagia,” alisema, akachukua begi na kutoka mbio. Zamu yao haikuwa siku hiyo.

Jina la Redio alipewa na mwalimu wake wa Kiswahili. Siku ya kwanza alipomsikia akisoma darasani, mwalimu alifunga kitabu chake akasema, “Wengine wanasoma, huyu anatangaza.” Darasa zima likacheka, na jina likamganda. Tangu hapo, matangazo ya shule yakawa yanasomwa na yeye mbele ya mistari ya wanafunzi. Ilikuwa ndiyo fahari yake, na ndiyo sababu aliyaficha macho yake. Aliogopa kwamba wakijua, nafasi ile angepewa mwingine.

Darasani alikaa na rafiki yake, Njiti, msichana mwembamba mwenye maneno mengi.

“Ubaoni ameandika nini?” Redio alikuwa akimnong’oneza.

“Kwani wewe macho yako umeyaacha nyumbani?”

“Huo mwandiko gani, kama kuku kapita!”

Njiti alicheka, kisha akamsomea. Aliona ni mchezo tu. Matangazo nayo Redio alimwomba amsomee kwanza, eti aone kama yanasikika vizuri, kisha akayashika kichwani.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Jumatatu moja wanafunzi walipokuta bendera ya shule ikipepea nusu mlingoti. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameanguka nyumbani kwake siku iliyotangulia, na hakuamka tena. Redio alisimama mstarini bila kulia. Ilikuwa kama habari ile inamhusu mtu mwingine. Alipoingia darasani akakiona kiti cha mwalimu, kitupu, chaki bado ziko mezani, ndipo alipoinamia dawati akalia.

Baada ya mazishi, shule ilipanga kufanya kumbukumbu ya mwalimu siku ya Ijumaa. Mwalimu mkuu alimwita Redio ofisini, akampa karatasi.

“Mke wa marehemu, Mama Mwalimu, ameandika maisha ya mumewe kwa mkono wake. Yapige kwenye kompyuta, kisha utayasoma wewe. Marehemu alikupenda sana, na sauti yako ndiyo aliyoipenda zaidi.”

Hapo ndipo angesema ukweli. Lakini alisema, “Sawa, mwalimu.”

Katika chumba cha kompyuta aliinamisha kichwa upande, karatasi ikakaribia kumgusa pua. Mwandiko ulikuwa mdogo, umebanana. Alipomaliza mstari mmoja na kutafuta unaofuata, jicho lilipotea njia. Neno ambalo hakuliona alilikisia. Hakumwita Njiti, kwa kuwa aliona haya kumwita mtu kwa jambo kubwa kama lile. Mwisho aliichapa kazi yake, akaishika yote kichwani.

Jumatano Mama Mwalimu alikuja shuleni kusikiliza. Alikaa kwenye kiti cha ofisini akiwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Redio akasoma. Sauti ilitoka safi, ikapanda na kushuka panapostahili. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama Mwalimu alimgeukia Redio. “Umesoma vizuri, mwanangu. Ila mbona mmemwacha binti yangu?”

“Binti yupi, mama?” mwalimu mkuu aliuliza.

“Mtoto wetu wa kwanza. Tulimzika akiwa mdogo. Niliandika mstari wake. Baba yake asingekubali atajwe yeye, mtoto aachwe.”

Mwalimu mkuu aliichukua karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akaisoma, uso ukambadilika. “Redio, mstari huu hapa. Umeuacha kwa nini?”

Redio alitazama chini. “Nilidhani… nilidhani umefutwa, mwalimu.”

Mama Mwalimu aliinua kichwa taratibu. “Mimi, mwanangu? Mimi nimfute mtoto wangu?”

Hakusema kwa ukali. Laiti angegomba! Redio alichukua karatasi zake na ile ya Mama Mwalimu, akakimbilia chumba cha kompyuta, akafungua ile kazi yake, akausogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha kompyuta. Machozi yalikuwa yanamharibia hata kile kidogo alichokiona.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa akipangua nyaya pembeni. Alimtazama kwa muda, kisha akaja, akabonyezabonyeza vitufe, akasema, “Kaa wima. Nisomee hapo juu.”

Redio alifuta machozi akaanza: “Marehemu alizaliwa katika familia ya wakulima, akiwa mtoto wa nne…”

“Redio,” mwalimu alimkatiza kwa upole, “hiyo iliyo mbele yako ni ratiba ya mitihani.”

Hapakuwa na pa kujificha tena. Alilia kwa kwikwi, mabega yakitikisika. Alieleza kila kitu: doa la ukungu, sindano ya mama, Njiti, na uongo aliomwambia mjane. “Usimwambie mama yangu, mwalimu. Ana mizigo mingi.”

“Huo mzigo utamwambia wewe mwenyewe, kesho asubuhi, na mimi nitakuwepo,” mwalimu alisema. Alivuta kiti. “Sasa nisikudanganye. Kompyuta hii haiponyi macho. Lakini kukukuzia maandishi inaweza. Weka kidole kwenye kitufe chenye alama ya dirisha. Kishikilie. Sasa bonyeza cha kujumlisha.”

Redio alibonyeza. Maandishi yalivimba ghafla, herufi moja ikawa kubwa kama kiganja. Alirudi nyuma kwa mshangao. Alipokisogeza kipanya, ukurasa wote ulimkimbia. Alijikuta kwenye kona tupu, hajui maneno yako upande gani, kichwa kikamzunguka.

“Siwezi, mwalimu. Yamepotea.”

“Hayajapotea. Unaona kipande tu cha ukurasa, na kipande hicho kinakifuata kipanya. Taratibu. Ukiona umezidisha, bonyeza cha kutoa.”

Alipunguza. Akaongeza. Akapunguza tena, mpaka akapata ukubwa uliomfaa. Mwalimu akaingia kwenye mipangilio ya ufikivu, mahali palipowekwa mambo ya kuwasaidia watu wasioona au wasiosikia vizuri, akampa mshale mnene wa njano, kisha akageuza rangi: nyuma peusi, maandishi meupe. Ule mng’ao uliokuwa ukimchoma macho ukatulia. Alipotupa jicho pembeni kidogo ya neno, kama alivyozoea, aliliona zima.

“Na karatasi ya Mama Mwalimu je?”

Mwalimu aliipiga picha kwa simu, akaifungua kwenye kompyuta. Redio aliikuza mwenyewe. Mwandiko ule uliobanana ukawa mkubwa, kila herufi peke yake. Alipofika kwenye mstari alioruka, aliona jinsi mkono wa mwandishi ulivyotetemeka, na doa la wino pale kalamu iliposimama muda mrefu kabla ya kuandika neno “binti”. Alikaa akilitazama lile doa. Kisha akaanza kupiga upya, tangu mwanzo.

Kesho yake mama yake alifika shuleni na uzi bado umemng’ang’ania kwenye gauni. Redio alipomweleza, hakumfokea. Alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja hospitali.

Daktari wa macho alimchunguza kwa muda mrefu, taa ikiwaka na kuzimika. “Ni ugonjwa wa nyuma ya jicho,” alisema. “Miwani haitausaidia sana. Kilichopotea hakirudi. Tutajitahidi kulinda kilichobaki, lakini ingalikuwa bora kama mngalikuja mapema.”

Kwenye benchi la nje mama alijifunika uso kwa mikono. “Kila asubuhi nakuita utunge uzi. Kila asubuhi! Na mimi sikuona.”

“Nilikuficha, mama.”

Walikaa pale mpaka wagonjwa wengine wakawasogelea kuomba nafasi.

Ijumaa, wanafunzi walijaa ukumbini. Kompyuta iliwekwa juu ya meza, mbele ya Redio. Alisoma polepole kuliko siku zote, akisogeza kipanya neno kwa neno. Mara mbili alipotea, akanyamaza, akatafuta, akaendelea. Haikuwa ile sauti ya kutangaza. Alipofika kwa binti, alisoma, “Mtoto wao wa kwanza, aliyemtangulia, na ambaye hakuacha kumtaja,” na ukumbi ukawa kimya kabisa.

Baada ya kumbukumbu Redio alimwendea Mama Mwalimu, mama yake akiwa nyuma yake.

“Shikamoo, Mama Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Ule mstari sikudhani umefutwa. Sikuuona. Macho yangu ni mabovu, nikaona aibu, nikadanganya. Nisamehe.”

Mama Mwalimu alimvuta mkono. “Mwalimu wako alikuwa na kisukari,” alisema. “Alijua. Dawa alizificha kabatini nyuma ya vitabu, asije akaonekana mgonjwa mbele yenu. Kila nilipomuuliza alisema hajambo. Mimi nilijua siku tuliyomfikisha hospitali, na daktari akaniambia tumechelewa.” Aliubana mkono wa Redio. “Kuumwa si aibu, mwanangu. Aibu ndiyo iliyoniachia nyumba tupu. Ukiumwa, sema. Ukisema, wapo watu wa kukushika mkono. Ukificha, unabaki peke yako na ugonjwa wako. Umenisikia?”

“Nimesikia.”

“Basi niambie kweli. Uso wangu unauona?”

Siku nyingine angejibu ndiyo bila kufikiri. “Hapana, mama. Naona kitambaa cheupe, na ukungu.”

Mama Mwalimu aliinama, akausogeza uso wake karibu, karibu zaidi, mpaka pumzi zao zikakutana.

“Na sasa?”

“Sasa nakuona,” Redio alisema. “Unalia.”