Mistari Sita ya Kibabu

Kwa siku ya nne mfululizo, Chiriku alianza asubuhi yake kwa kukanyaga beseni. Lilikuwa beseni la maji ya klorini mlangoni mwa hema, na hakuna aliyeingia wala kutoka bila kutumbukiza miguu humo. Kisha alinawa mikono, akajaza jagi maji ya chumvi na sukari, akaketi kando ya mdogo wake.

Hema lilisimama kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mafuriko yalibeba zahanati, yakabeba daraja, halafu yakaacha kipindupindu. Vitanda vilikuwa vya turubai, kila kimoja na tundu katikati na ndoo chini yake. Aibu hapo haikuwa na nafasi.

Mdogo wake alikuwa na miaka minne. Walimwita Kibabu kwa sababu alitembea mikono nyuma kama mzee anayekagua shamba. Sasa alilala tu, sindano ya dripu mkononi. Mama yao alilazwa hema la pili, na baba alikwama ng'ambo ya mto. Basi mlezi alibaki Chiriku, mwenye miaka kumi na miwili na mdomo usiojua kupumzika.

Nesi, mwanamke mrefu aliyekaukiwa sauti kwa kuita watu, alimkabidhi karatasi na penseli.

"Kila robo saa, kikombe hiki kidogo. Mnyweshe polepole. Akimaliza, piga mstari mmoja. Asipomaliza, usipige. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, Nesi. Hata dada yake shangazi aliwahi kuumwa, akaambiwa vivyo hivyo, tena yeye..."

"Chiriku," alisema fundi seremala, aliyemuuguza mkewe kitanda cha jirani, "hebu nyamaza kidogo. Hata dripu imeacha kudondoka, inakusikiliza wewe."

Watu wakacheka. Nesi akaenda zake.

Ilipofika saa nne, Kibabu alikaza meno. "Sitaki. Maji yana machozi."

"Ni chumvi tu. Kunywa, nitakubeba mgongoni."

"Sitaki!" Akalia, lakini uso ulibaki mkavu. Chozi halikutoka.

Chiriku alibembeleza, akatishia, akachoka. Mara akasikia akiitwa. Wenzake wa darasani walikuwa nje ya wavu wa plastiki uliozunguka uwanja.

"Chiriku! Eti ni kweli vitanda vina matundu?"

Swali kama hilo angeliachaje? Alikanyaga beseni, akatoka mara moja tu. Mara moja hiyo ilikula saa moja na nusu.

Aliporudi, Kibabu alikuwa amelala, na sauti ya Nesi ilikuwa inakaribia kitanda baada ya kitanda. Chiriku alipiga hesabu upesi: vikombe sita. Akamwaga maji ya vikombe sita nyuma ya hema, akapiga mistari sita, yote imenyooka kama askari wa gwaride.

Nesi aliitazama karatasi, uso ukang'aa. "Vikombe sita! Kazi nzuri, mama mdogo."

Wakati huohuo watu wawili waliingiza machela. Juu yake alilala mzee, macho yamezama, mkono baridi. Dripu ya Kibabu ilikuwa imekwisha, na chupa mpya ilibaki moja tu mpaka boti ije kesho.

"Huyu mtoto anakunywa mwenyewe," Nesi aliamua. "Chupa apewe mzee."

Chiriku alifungua mdomo. Akaufunga.

Alijaribu kufidia. Alimwinua Kibabu, akamwekea kikombe midomoni, lakini maji yalitiririkia shingoni. Baada ya saa moja mtoto hakuitika tena jina lake. Fundi seremala ndiye aliyeita, "Nesi! Njoo huku!"

Nesi alifinya ngozi ya tumbo. Ilibaki imesimama, haikurudi. Akakunja uso.

"Vikombe sita na bado anakauka? Basi kuna ugonjwa mwingine. Avushwe kwa mtumbwi mpaka hospitali kubwa."

"Kwa mto huu ulivyojaa?" fundi akashtuka. "Saa tatu majini, atafika?"

"Nifanyeje, kaka? Karatasi inasema amekunywa."

Chiriku aliichukua karatasi. Aliitazama ile mistari sita. Mizuri mno.

"Nesi, hajanywa."

"Unasema?"

"Hata kimoja. Nilimwaga. Mimi nilikuwa kule kwenye wavu."

Nesi alifumba macho kwa pumzi moja tu. "Lete mrija wa puani!" alimwita mwenzake. "Safari hakuna!"

Mrija mwembamba ulipitishwa puani mpaka tumboni, na maji yaleyale ya chumvi na sukari yakaanza kuingia taratibu. Chiriku alishika jagi.

Jua lilipokuwa linashuka, Kibabu alifungua macho, akaushika mrija, akalia kwa hasira. Tone likateremka shavuni.

"Machozi!" Nesi alisema, akakaa chini kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Analia kwa machozi. Maji yamerudi."

Chiriku naye alikuwa analia. "Nisamehe, Nesi. Alikataa, nikaona nimeshindwa."

"Sikiliza, mwanangu. Hospitali kubwa wana mashine za kupima. Hapa tuna hema, na mashine yangu ni karatasi hii. Ukiandika uongo, umenifumba macho huku nimembeba mgonjwa. Ukishindwa, njoo useme umeshindwa, nitakusaidia. Kushindwa nina dawa yake. Uongo sina dawa yake."

Chiriku alifuta kamasi. "Na akinywa nusu kikombe?"

"Piga nusu mstari."

Asubuhi boti ilileta chupa mpya. Yule mzee wa machela alikuwa ameketi, na mrija wa Kibabu ulikuwa umetolewa. Nesi aliichukua karatasi. Mistari ilikuwa imepinda, mingi ni nusu, na mahali pengine Chiriku ameandika: "Ametema."

"Karatasi mbaya kuliko zote humu ndani," alisema fundi seremala.

"Na hii ndiyo ninayoiamini," alijibu Nesi.

Siku tatu baadaye Kibabu alitoka hemani kwa miguu yake, mikono nyuma, akalikagua beseni, akatumbukiza miguu bila kuambiwa.