Binamu Mwenye Sinia ya Chai

Kila Jumapili saa moja jioni, Mfumaji, mashine ya kituo cha runinga, aliingia katika nyumba milioni nne kwa mkupuo, akachekesha kila nyumba kivyake. Kipindi kilikuwa kimoja, Kwa Mwalimu Mutiso, lakini hapakuwa na nyumba mbili zilizoona kitu kile kile. Vipima-moyo vilivyoshonwa ndani ya makochi vilisoma mapigo ya watazamaji, na Mfumaji akasuka upya nyuso na maneno papo hapo ukutani, mtu asije akaona asichokitaka. Wakubwa wa kituo waliuita huo ustaarabu. Syombua, mwandishi wa kipindi, alisema ni kuwatafunia chakula watu wenye meno yao.

Mwaka ule alikuwa ameandika kisa alichokipenda kuliko vyote. Ndinda, bintiye Mwalimu, anataka kumwoa Risper, mpenzi wake tangu misimu ya mwanzo. Kwa kuwa hakuna bwana harusi, wazee wa kila upande wanadhani wao ndio wa kupeleka mbuzi wa mahari. Wanaondoka alfajiri siku ile ile, wanapishana njiani, na kila msafara unapiga hodi kwenye nyumba tupu.

"Mama yangu akione hiki kama nilivyokiandika," alimwomba Bwana Kibwana, mkuu wa vichekesho, mtu ambaye hakuwahi kucheka kabla ya kutazama grafu.

"Dada, kila nyumba inapewa inachoweza kumeza," Kibwana alijibu. "Nyumba ya mama yako unaijua."

Aliijua. Miaka miwili nyuma, Kibwana alikuwa amemwonyesha ripoti ya nyumba hiyo: wanawake wawili wapendanao wanapotokea, kinyaa, daraja la tisa kati ya kumi. Tangu siku hiyo Syombua hakumpeleka tena Ayuma, mwanamke aliyeishi naye kwa miaka sita, kwa mama yake katika mji wa Wote. Mama alimjua kama rafiki tu, na Syombua alikuwa bado anatafuta siku ya kumwambia ukweli. Siku hiyo aliizika.

Jumapili hiyo alikwenda Wote peke yake, akaketi kando ya mama yake, Kamene, ambaye kwa Kikamba alimwita mwaitu, wakatazama ukuta.

Upuuzi mtupu. Ndinda alikuwa ameshikwa mkono na mwanamume mwenye taya kama tofali, ambaye Syombua hakumwandika. Mbuzi walifika nyumba moja, kwa utaratibu, bila kichekesho chochote. Naye Risper, yule mwenye ulimi mkali kuliko wote, alikuwa binamu. Alipita nyuma ya wageni na sinia ya chai, akatabasamu, akatoka. Syombua alitamani kuutemea mate ukuta ule.

Mama hakucheka hata mara moja.

"Huyu wa chai," alisema, "si ndiye aliyekuwa na Ndinda?"

Syombua aligeuka. "Unamkumbuka?"

"Nitamsahauje? Wakitokea wale wawili, moyo ulikuwa unanienda mbio mpaka naweka kikombe chini. Nasema, leo watafukuzwa, leo baba zao watawapiga. Namwomba Mungu waachwe tu. Halafu Jumapili moja nikaona mmoja amefanywa binamu. Nikajua wameshindwa."

"Mwaitu, ni kochi. Linasoma moyo wako. Liliposikia unakwenda mbio, likasema unaona kinyaa."

Mama aliinuka polepole, akalitazama kochi kama mgeni aliyekutwa na vijiko mfukoni.

"Kinyaa? Mimi?" Akasonya kwa nguvu. "Na walioliunda walikwenda shule? Moyo wa mzazi unakwenda mbio hata mtoto akichelewa dukani!"

Akasimama hivyo, mikono kiunoni, kisha sauti ikashuka.

"Na yule wako, Ayuma? Mtu aliyekula muthokoi wangu mpaka akakwangua sufuria. Nilidhani mmeachana, nikaogopa kukuuliza, nisikutie uchungu. Kwa nini uliacha kumleta?"

Syombua alikuwa amemdharau Mfumaji tangu siku ya kwanza. Alimtukana vikaoni, alimtukana mbele ya Kibwana, alimwita kipofu na mjinga. Lakini kipofu huyo alipomwambia kwamba mama yake anamwonea kinyaa, hakuja Wote kuuliza. Miaka miwili, na Wote si mbali.

"Niliiamini mashine, mwaitu," akasema.