Maji ya Mwezi wa Nne

Marete na mkewe Kathambi ni wakulima wa Ruiri. Shamba lao hupata maji ya mfereji unaotoka mlimani. Mfereji ukikauka, Marete huufuata kwenda juu mpaka ampate jirani aliyeziba maji. Hufanya hivyo karibu kila mwezi.

Mara mbili kwa mwaka wao hushuka nyikani kwa miguu kununua mbuzi. Ni mwendo wa siku mbili. Mwezi wa nne walikunywa maji ya dimbwi kubwa kando ya laga. Laga ni mto wa mchanga. Hupitisha maji wakati wa mvua tu.

Mwezi wa tisa walijiandaa tena.

"Baba Karimi, dumu moja la lita tano litatutosha sisi wawili?" Kathambi aliuliza.

"Dimbwi liko palepale. Unataka nibebe maji kama punda?"

"Dimbwi liko palepale. Na maji je?"

Marete alicheka, akafunga mzigo.

Walifika dimbwini siku ya kwanza, saa nane mchana. Dumu lilikuwa tupu. Dimbwi lilikuwa udongo mkavu uliopasuka.

"Maji yamezuiwa huko juu," Marete alisema. "Tufuate laga."

"Yamezuiwa na nani? Huu ni mfereji wa Ruiri?"

Hata hivyo, walipanda. Walitembea saa nzima juani, juu ya mchanga wa moto. Kichwa cha Kathambi kikamuuma. Akashikwa na kizunguzungu, akaketi. Marete alimwita mara mbili asijibu. Hapo Marete aliogopa.

Mtu mmoja alikuja nyuma yao na punda wawili. Alikuwa Hassan, mchuuzi wa mbuzi.

"Nyayo zenu zilinishangaza," alisema. "Watu wanapanda laga kwenye jua hili! Mmetoka milimani, sivyo?"

Walimpeleka Kathambi kivulini. Hassan alimlowesha kichwa na shingo, akamnywesha maji kidogo kidogo. Baada ya muda akafumbua macho. Marete alijitaja jina, akaeleza habari ya dimbwi la mwezi wa nne.

"Maji yangu yaliyobaki ni machache," Hassan alisema. "Bwana Marete, njoo tuchimbe."

"Tuchimbe wapi? Mchanga wote ni mkavu."

"Juu ni mkavu. Tazama pale laga inapopinda, upande wa nje. Miti ni ya kijani, na mwamba umekatiza mchanga. Mwamba huzuia maji yaliyo chini."

Walichimba. Kwenye kina cha kiwiko mchanga ukawa na unyevu. Kwenye kina cha bega maji yakaanza kujikusanya.

"Na yasingetoka?" Marete aliuliza.

"Mara nyingine hayatoki. Ndiyo maana hatutegemei kuchimba. Mtu anayetembea juani huhitaji lita tano kwa siku, au zaidi. Beba ya kukufikisha kwenye maji, na ya kukurudisha ukikuta pamekauka. Na kabla ya kuondoka, muulize aliyetoka huko juzi. Wewe uliamini maji ya mwezi wa nne."

Marete aliinama ili anywe.

"Ngoja! Ng'ombe na fisi hupita hapa. Tuchemshe kwanza mpaka yatokote."

Jioni Kathambi aliweza kutembea. Asubuhi walirudi nyumbani bila mbuzi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Marete alikwenda kwenye soko la mifugo. Wachungaji wawili walimwambia kuwa kisima cha njia ya chini kina maji. Wa tatu alikuwa ametoka huko jana. Alisema kimekauka, lakini cha njia ya juu kina maji. Marete alimwamini huyo wa tatu. Aliazima punda, akampakia madumu manne ya lita ishirini.

"Marete, unakwenda kuwauzia watu maji?" jirani yake Nyamu alimtania.

"Cheka tu," Kathambi alijibu. "Tukichinja mbuzi usije na kisu."

Siku ya kwanza walipita dimbwini. Lilikuwa kavu vilevile. Walipumzika kivulini, dumu moja likiwa kati yao.

"Hupandi kumtafuta aliyeziba?" Kathambi aliuliza.

"Huyo nitamtafuta Ruiri," Marete alisema, akamjazia kikombe.