Nilifunga Lalamiko la Dada Yangu

Nina miaka thelathini na minne, naishi Katuba hapa Lubumbashi, na sijaoa. Baba yetu alifanya kazi ya reli mpaka alipofariki, akatuachia mama na nyumba ya Kipushi. Tulizaliwa wawili tu: mimi na dada yangu mkubwa Georgette, ninayemwita yaya, kama huku kwetu tunavyomwita dada mkubwa; yeye ni muuguzi katika kituo cha afya kule Kasenga. Leo yaya hanisemeshi... na sina haki ya kumlaumu.

Miaka michache iliyopita niliandika programu ya vituo vya afya. Kazi yake ilikuwa ndogo: muuguzi anaingiza tarehe ya mgonjwa kurudi kuchukua dawa, na siku ikikaribia mgonjwa anapata ujumbe kwenye simu. Niliiweka wazi mtandaoni, kila mtu aichukue bure, aisome, hata airekebishe akitaka. Kituo cha Kasenga kikaichukua, na cha Kipushi pia, alikotibiwa mama. Watu wa nchi za mbali wakaanza kunisifu. Nikavimba kichwa.

Malalamiko yalikuwa na ukurasa wake, nami niliyawekea sheria: yaandikwe palepale, kwa Kiingereza, hatua kwa hatua. Asiyefuata, nafunga lalamiko lake, yaani naliondoa kwenye orodha bila kulishughulikia. Niliona wakubwa wa kazi hii wakifanya hivyo, nami nikajiona mkubwa. Jamani, ni nani kule Kasenga anayeandika Kiingereza?

Mwezi wa nne yaya akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Nilisikiliza mwanzo tu. Alisema, kwa Kiswahili chetu cha huku: "Mudogo wangu, ile programu yako iko inakosa. Bagonjwa bamoja banakuya siku yao, bengine banakosa. Minaona ni tarehe njo inageuka. Uangarie, tafazali."

Nilijaribu kwenye simu yangu. Nikaingiza tarehe ishirini, ikatoka ishirini. Nikamjibu kwamba kwangu inafanya kazi, na kama ana shida aende kwenye ukurasa aandike kama wengine wote. Akaenda, maskini. Aliandika mistari miwili ya Kifaransa. Nikaifunga, na chini yake nikaandika kwamba lalamiko halieleweki. Dada yangu aliyenibeba mgongoni! Kweli, sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Huku kwetu tunaanza na siku, kisha mwezi. Lakini mimi simu yangu niliiweka kwa Kiingereza, ili nifanane na hao wakubwa, na programu yangu ikazoea kusoma mwezi kwanza. Tarehe ishirini haiwezi kuwa mwezi, basi hiyo ilipita salama. Tarehe nane mwezi wa tano, hiyo iligeuka kuwa tarehe tano mwezi wa nane... na mgonjwa hakuitwa.

Mama alikuwa na presha. Siku yake ya kurudi kuchukua vidonge ilikuwa hiyohiyo, tarehe nane mwezi wa tano. Ujumbe haukuja. Jirani yake, mama Odile, aliona chupa ya vidonge ni tupu, akamwambia waende kituoni. Mama akakataa, akamwonyesha simu: "Haiyaniita bado. Hii kintu, mutoto wangu njo aliiandikaka. Ikiniita, nitaenda."

Alisubiri kwa imani mwezi mzima. Mwezi wa sita akaanguka jikoni, upande mmoja wa mwili umekufa. Kesho yake akaaga dunia.

Kwenye matanga mama Odile alisimulia habari ile ya simu kama sifa, kwamba marehemu alimwamini mwanawe mpaka mwisho. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilielewa palepale, na nilifanya nini? Nikanyamaza. Nikarudi Katuba, nikarekebisha mstari mmoja tu, nikatoa toleo jipya. Kwenye maelezo yake niliandika: marekebisho madogo.

Siku ya yaya kuondoka nilirudi Kipushi kumuaga, akaniita pembeni. "Message yangu uliisikiaka mpaka mwisho?"

Nikaogopa aibu. Nikamwambia ndiyo, niliisikia yote. Akafunga mzigo wake, akapanda gari la Kasenga.

Ndipo nikaisikiliza dakika ya tatu. Yaya anasema, kwa sauti ya kuomba: "Na mama naye iko mu ile programu ya Kipushi. Mi niko mbali, weye njo uko karibu. Umupitie, uangarie dawa yake."

Basi yeye anaamini kwamba niliyasikia maneno hayo na nikakaa tu bila kwenda kwa mama. Na mimi ndiye niliyemwambia hivyo kwa mdomo wangu. Nimempigia mara nyingi, hapokei. Na akipokea nitamwambia nini? Kwamba nilidanganya, kwamba sikumpa hata dakika tatu?

Wasomaji wenzangu, nyinyi mnaoandika programu, na nyinyi wote ambao watu huwaletea malalamiko, nawaomba msiifuate njia yangu. Mtu akilalamika kwa lugha yake, kwa sauti yake, msikilizeni mpaka anyamaze mwenyewe. Kingine sina cha kuwafundisha.

Yaya alirudia madaftari ya karatasi, na vituo vingine vikamfuata. Ukurasa wangu sasa hauna hata lalamiko moja. Zamani ningefurahi.