Kikombe cha Mwenye Divai

Hilux nyeupe ilikata daraja la Kigongo mbio kuelekea Busisi. Prado ya Shigela iliifuata nyuma, karibu kuigusa.

Simu ikaita. Dada Bernadeta.

Shigela akaikata. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, wa pili umeshika bastola yake, Glock; mtu ana mikono miwili tu.

"Zibeni," akasema redioni.

Lori la mchanga likajitupa barabarani mwisho wa daraja. Hilux ikayumba, ikakwangua kingo, ikazimika. Nestory akashuka, mikono juu.

Huyu Nestory alikuwa mlanguzi wa mabondo, vile vifuko vya tumboni mwa sangara vinavyouzwa ng'ambo kwa bei ya kufuru. Mchana huo, katika hoteli moja ya ufukweni Mwanza, mawaziri wa nchi za ziwa walikuwa wakutane, wale chakula, kisha waweke saini mkataba wa kumfungia yeye na matajiri wake njia zote. Shigela akapekua kiti cha nyuma. Sindano. Kichupa kitupu. Kizibo cha chupa ya divai, kimetobolewa.

Nestory hakusubiri kupigwa. Alisema, tena kwa kujisifu, kwamba asubuhi amepitisha sindano kwenye chupa zote za divai ya mkutano. Ile ya rangi ya chungwa, yenye ukungu na ukakasi. Weka humo chochote, nani atajua?

Shigela aliijua divai hiyo. Ilikuwa ya dada yake.

Bernadeta aliolewa Rungwe, na mumewe alipofariki akabaki na kipande kidogo cha udongo mweusi wa volkano. Akapanda zabibu nyeupe. Wengine hukamua na kutupa maganda. Yeye alichachusha zabibu na maganda yake, wiki baada ya wiki, ndiyo maana divai ikatoka na rangi ile na ladha ya kukwaruza ulimi. Watu walimcheka weee. Leo kwa mara ya kwanza ilikuwa inaingia meza ya wakubwa, tena mjini kwao. Hakujua kitu juu ya Nestory. Hakujua hata kazi ya upelelezi ya mdogo wake. Nyumbani kwao wote walijua Shigela anauza sola.

Akamwita Winnie, mwenzake aliyekuwa hotelini kwa sare ya mhudumu, kifaa sikioni.

"Winnie, divai ina sumu. Wageni wasinywe."

"Nimekupata. Hawatagusa hata tone."

Basi, kazi imekwisha. Askari wakamchukua Nestory, Shigela akageuza gari kurudi mjini. Njiani akawa anapanga maneno ya kumpoza dada yake kwa divai itakayomwagwa.

Alikuwa amefika Usagara alipokumbuka kitu.

Kwao Usukumani, mwenye pombe huonja kwanza. Hanywi funda moja la kujionyesha. Anamaliza kikombe, ndipo wageni wajue hakuna ubaya. Baba yao alifanya hivyo kwenye kila harusi. Jamani, mtu amefundishwa kurusha drone na kusoma mafumbo, halafu jambo la nyumbani kwao linamtoka kichwani!

"Winnie! Mwenye divai yuko wapi?"

"Yuko jikoni, anasubiri kuitwa. Sijamwambia kitu. Kwa nini?"

"Asinywe. Mwambie asinywe!"

Redioni zikasikika hatua za Winnie akikimbia. Akapiga simu ya Bernadeta. Iliita mpaka ikakata.

Mkolani aliipita akipiga honi mfululizo.

Bernadeta alikuwa amekaa sakafuni jikoni, ameegemea friji, kikombe kitupu kando yake, kitenge kipya kimeloa. Winnie alikuwa amemshika. Daktari wa mkutano alimtazama Shigela, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, dada." Ilitoka yenyewe.

"Marahaba." Sauti ilikuwa mbali. "Nilikupigia. Nilitaka uwepo nikionja."

"Nilikuwa kazini."

Macho ya Bernadeta yakashuka mpaka kwenye bastola kiunoni mwake, yakakaa hapo.

"Kumbe," akasema. Kisha akauliza, "Wageni wamekunywa?"

"Hata mmoja, dada."

"Afadhali. Wangefia mezani kwangu."

Akamshika mdogo wake ukosi wa shati, akavuta pumzi mbili tatu za shida, mkono ukalegea. Shigela alilia hapohapo, mbele ya wapishi, bila kuficha uso. Ni yeye aliyesema wageni wasinywe. Mwenye divai hakumtaja.

Mkuu wake akapiga simu baadaye kidogo. Mkataba umesainiwa, akasema, hongera. Matajiri wa Nestory wasijue tulichogundua mpaka nao wakamatwe.

"Kuhusu marehemu, itasemwa ni presha. Hata kwa familia. Utaweza?"

"Nitaweza."

Akanawa uso, akavaa miwani myeusi, akatoka kwa mlango wa mbele. Walinzi wakampisha. Alitembea taratibu mpaka kwenye maegesho, mkono mmoja mfukoni, akampigia mama yao huko Magu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Uko na dada yako? Hebu niambie, wakubwa wameipenda?"

Shigela akatazama ziwa.

"Wameipenda sana, mama," akasema. Akamwacha afurahi kidogo, apige na kigelegele, kisha akaanza kumweleza habari ya presha.