Mlango wa Maji wa Kiringye

Haya, sogeeni mnijibu. Nina mgeni: akija kidogo, nakula mwaka mzima, akija kwa wingi, nalala njaa. Ni nani huyo? Umesema shemeji mlafi? Hapana, ingawa umenichekesha. Ni maji ya shamba la mpunga, siku ile ya kupandikiza. Miche michanga inataka maji ya kufunika vidole vya miguu tu. Yakizidi, inang'oka kabla mizizi haijashika udongo. Kila mwanamke wa kijiji cha Kiringye analijua hilo, maana yeye ndiye anayeinama. Bella naye alilijua, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Jumamosi hiyo, kama Jumamosi zote za msimu wa kupanda, Bella alikuwa shambani na mama yake, Niyonsaba, pamoja na wanawake wa jirani. Walijipanga mstari mmoja, migongo imepinda, fungu la miche mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukichomeka. Walikuwa wakitaniana nani ana mgongo wa bibi kizee, Bella aliposikia kishindo upande wa mfereji. Kabla hajainua kichwa, maji yalikuwa yameshafika magotini.

"Mama! Miche!"

Kazi yote ya asubuhi ilielea. Miche ilizunguka kidogo kama inaaga, kisha ikaelekea mashamba ya chini. Bella aliifukuza kwa mikono, akaanguka, akameza tope.

Niyonsaba hakulia. Alikaza kitenge kiunoni kwa hasira. "Hii ni mara ya pili msimu huu! Kitaluni imebaki miche ya kupanda mara moja tu. Hiyo nayo ikienda, mwaka huu hatuna mpunga. Twende kwa wenye maji!"

"Wenye maji" walikuwa wanaume waliochaguliwa na koperative, yaani ushirika wa wakulima, kufungua na kufunga mlango wa chuma wa mfereji. Mkubwa wao alikuwa Papa Norbert, mtu mpole, aliyeujua mfereji kama uso wa mtoto wake. Mwenzake, Rénovat, alikuwa bwana mmoja mwenye maneno mengi. Kazi hiyo ilikuwa haijawahi kupewa mwanamke. Watu walisema kwamba mwanamke akiugusa mlango ule, mfereji utakauka.

"Papa Norbert," Niyonsaba alianza walipowakuta penye mlango, hata salamu hakutoa, "nani alikuambia ufungue yote?"

"Mama Bella, jua lilikuwa kali. Minye nikiona mashamba yamejaa maji, moyo wangu unatulia."

"Wako unatulia, wangu unapasuka! Tuliomba wanawake wawili waingie kwenye kikundi chenu, mkacheka mpaka mkashika mbavu."

Rénovat akacheka tena. "Mwanamuke akamate mulango ya maji? Mufereji itakauka, mutakuja kutulilia! Weye rudi kwenye mupunga yako."

"Mupunga gani?" Bella alidakia. "Mukikamata nyinyi peke yenu, mupunga iko inaenda mu ziwa Tanganyika!"

Wanawake waliofuata nyuma wakaangua kicheko. Rénovat akakunja uso. "Weye mutoto, nyamaza!"

Bella hakunyamaza. Alimgeukia mkubwa wao. "Samahani, Papa Norbert. Weye umeshapandikiza mupunga? Hata siku moja?"

Norbert aliinama. Akachukua jembe lake, akamwita Rénovat, wakaondoka kukagua mfereji wa chini.

"Basi mlango nitaufunga mwenyewe," alisema Niyonsaba.

"Usiguse!" wenzake walipiga kelele.

Lakini mkono wake ulikuwa umeshashika chuma. Aliusukuma mlango chini kwa nguvu zote za hasira yake, ukafunga kabisa. Wote wakakodoa macho wakingoja mfereji ukauke. Haukukauka. Maji yaliyozuiwa ghafla yalijaa nyuma ya mlango, yakapanda, yakatafuta pa kutokea. Ukingo wa juu ukapasuka, maji yakamwagika kwenye shamba la mihogo la jirani.

Norbert alirudi mbio. "Fungua kidogo! Siyo yote, kidogo!" Alirukia penye ufa, akauzuia kwa mgongo wake. "Leteni udongo!"

Niyonsaba akauinua mlango kidogo, wanawake wakajaza tope kwenye mabeseni ya kubebea miche. Rénovat akabeba mawe huku anateleza. Bella alikanyagia udongo kwa miguu mpaka ukingo ukashika.

"Mulango hii haifungwi mara moja," Norbert alisema, anahema. "Unashusha kidogo, unangoja, unashusha tena."

"Hilo sikulijua," Niyonsaba alikiri. Kisha hasira ikarudi. "Lakini nani aliwahi kunifundisha? Mlitufukuza kwa hadithi ya kukauka! Rénovat, tazama basi. Nimeugusa, na mfereji umejaa mpaka umepasuka!"

Rénovat akainama, akaokota jiwe jingine la kuweka ukingoni.

Siku iliyofuata, baada ya misa, wanachama wa koperative walikutana, watoto wakisikiliza pembeni. Wengine walinung'unika kwamba mila zinavunjwa. Norbert akasimama.

"Mila gani ya kupoteza miche?" aliuliza kwa ukali ambao watu hawakuuzoea. "Minye najua maji, sijui miche. Mama Bella anajua miche, hakujua maji. Kila mmoja peke yake ameharibu shamba la mwingine. Na sisi ndio tumekosa zaidi, maana tuliwakataza hawa mama kwa uongo. Maji haya yanalisha nyumba zote. Kazi yake inataka macho ya wanaume na ya wanawake, wakae pamoja, wasikilizane, kabla ya kufungua na siyo baada ya hasara. Watoto, mshike hilo: ukimfungia mtu nje ya kazi kwa sababu ni mwanamke, umefungia nje na yale anayoyajua."

Niyonsaba na jirani yake Fabiola wakaingia kwenye kikundi, wenye sauti sawa na wenzao, siyo wa kuwapikia chai.

Miche ya mwisho ilipotolewa kitaluni, Niyonsaba alichomeka kijiti chenye alama shambani. Norbert alifungua kidogo, akangoja, akafungua tena. Maji yakafika kwenye alama, yakasimama. Bella alipita pale kila alipotoka shule. Miche ilinyauka kidogo mwanzoni, kisha ikainuka, kijani kitupu.

Zamu ya shamba la Fabiola ilipofika, Norbert alishuka, akakunja suruali, akaingia kwenye mstari wa wanawake. Bella alimpa fungu la miche. Mzee akainama, akachomeka, akachomeka tena, mstari wake ukipinda hovyo. Punde akashika kiuno, akaguna.

"Papa Norbert," Bella alimwambia taratibu, "siku ile hukunijibu."

Norbert alijifuta tope usoni.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hata siku moja. Leo ndiyo ya kwanza."